Kemia Isiishie Ubaoni

Mtu apitaye barabara kuu itokayo Tunduma kuja Dar es Salaam hakosi kukutana na magari makubwa yaliyobeba mabamba mekundu ya shaba, yamepangwa vizuri na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Shaba hiyo hutoka Zambia na Kongo, nayo hupita Mbeya, Makambako, Mafinga na Mikumi, mbele ya milango ya shule zetu za sekondari, hadi ifike bandarini. Nyingine husafirishwa kwa reli ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975. Katika shule hizo hizo, mwalimu wa kidato cha tatu husimama ubaoni akaandika somo la usafishaji wa shaba kwa umeme, na wanafunzi wakanakili. Kengele ikilia, hutoka nje wakayatazama magari yakipita, wala hapatokei mtu wa kuwaambia kwamba lile bamba lililo juu ya gari ndilo kathodi waliyoichora sasa hivi katika daftari zao.

Jambo hili dogo twalitaja kwa makusudi. Hatusemi kwamba walimu wetu hawaijui kazi yao, wala kwamba watoto wetu ni wazito wa akili. Kilichokosekana ni daraja kati ya daftari na barabara. Kwa kukosekana daraja hilo, kemia imegeuka kuwa somo la kukariri, ambalo mwanafunzi hulibeba hadi chumba cha mtihani, akalitua humo, akatoka mikono mitupu. Wengine hata humo hawafiki nalo. Rai yetu ni kwamba kemia ya asidi, ya chumvi na ya elektrolisisi ianzie kwenye kitu chenyewe ndipo iende kwenye fomula, na kwamba wenye dhamana ya fedha na ya ukaguzi wamwezeshe mwalimu kufanya hivyo badala ya kumhesabia kurasa alizomaliza.

Tuanze na hiyo hiyo shaba. Katika kiwanda cha kusafishia, bamba la shaba isiyo safi hutundikwa ndani ya hodhi lililojaa maji yenye salfeti ya shaba na asidi ya salfuriki, na mkabala wake hutundikwa bamba jembamba lililo safi. Umeme upitapo, shaba isiyo safi humong'onyoka kidogo kidogo, ikaingia majini, ikasafiri, ikajijenga juu ya bamba la pili. Uchafu huzama chini ukawa tope, na katika tope hilo hupatikana fedha na dhahabu. Shaba inayojijenga upande wa pili huwa safi kwa kiasi cha asilimia 99.99, na hiyo ndiyo inayotakiwa na viwanda vya nyaya za umeme duniani kote.

Je, shule isiyo na kitu yaweza kulionyesha jambo hili? Yaweza. Mrututu, ambao wakulima wa kahawa wameujua kwa miaka mingi kwa kuuchanganya na chokaa na kuunyunyizia mibuni dhidi ya magonjwa ya ukungu, ndio hiyo salfeti ya shaba. Yatosha kijiko kimoja cha mrututu katika glasi ya maji, kijiti cheusi cha kaboni kilichotolewa ndani ya betri ya tochi iliyokwisha, kipande cha waya wa shaba ulioambuliwa ganda lake, na betri mbili nzima. Waya hufungwa upande wa chanya, kijiti upande wa hasi. Hazipiti dakika nyingi kijiti kile cheusi kikaanza kuvaa koti jekundu. Mwanafunzi aliyeliona hilo hana haja ya kuimbishwa kwamba metali huenda kathodi, kwa sababu ameiona ikienda. (Betri ya kufunguliwa iwe ile ya tochi ya kawaida, betri za simu zisiguswe kabisa, maana hushika moto. Na mrututu ni sumu: mikono ioshwe, na glasi hiyo isirudi jikoni.)

Hapo ndipo hesabu inapopata maana. Mkondo wa ampea moja ukipita kwa saa moja huweka juu ya kathodi gramu 1.18 hivi za shaba. Ukipita kwa saa mbili, uzito huwa maradufu. Mkondo ukipunguzwa nusu, uzito nao hupungua nusu. Mwanafunzi aliyepima kijiti kabla na baada ya umeme kupita ataiuliza mwenyewe fomula, maana sasa anayo haja nayo. Aliyeanza na fomula hajui hata inajibu swali gani.

Tukija kwenye asidi na alkali, mali tuliyo nayo ni kubwa zaidi, nayo imelala jikoni. Kila aliyefua kitambaa chenye doa la mchuzi wa manjano anajua kwamba sabuni ikiligusa doa, hugeuka rangi likawa kama damu ya mzee. Likamulie ndimu, nalo litarudi kuwa la manjano. Manjano, basi, yafanya kazi ile ile ya karatasi za litmasi ambazo shule nyingi huzililia kila muhula. Si kwamba yanatosha kwa kila jaribio. Hayawezi kutofautisha asidi na maji matupu, na hilo nalo ni somo zuri la kumwuliza mwanafunzi kwa nini. Lakini kipindi cha kwanza cha asidi na alkali chaweza kufundishwa kwa manjano, ndimu, sabuni na majivu, na darasa zima likashika vitu kwa mikono yake.

Twataja majivu kwa sababu neno alkali lenyewe lilitoka katika Kiarabu, al-qali, nayo maana yake ni majivu ya mimea. Bibi zetu waliochuja maji ya majivu ili kulainisha mboga walikuwa wakitengeneza alkali, hata kama hakuna aliyewaambia. Magadi nayo, yale yatiwayo katika maharage ili yaive upesi, na ambayo yametanda katika Ziwa Natron, kwa sehemu kubwa ni chumvi za kabonati ya sodiamu. Yadondoshee ndimu, yatatoa povu kana kwamba yanachemka bila moto. Ielekeze hewa inayotoka humo kwenye maji maangavu ya chokaa, nayo maji yatageuka meupe kama maziwa. Katika jaribio hilo moja mna asidi, mna kabonati, mna chumvi mpya, mna maji na mna gesi ya kaboni dayoksaidi pamoja na namna ya kuitambua. Vitu hivyo vitano huandikwa katika mstari mmoja wa mlinganyo, na mstari huo ndio unaowashinda maelfu ya watoto kuukumbuka.

Na chokaa je? Hili laweza kuwa somo la wiki nzima. Mafundi wa mwambao walikusanya matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakayachoma. Jiwe la matumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Likipata joto la kiasi cha nyuzi 900 hutoa kaboni dayoksaidi ikapaa, likabaki chokaa kali isiyozimwa. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huvimba na kutoa joto kali hata maji yakachemka, na hapo ndipo mafundi husema kwamba chokaa imezimwa. Ikipakwa ukutani hukauka, kisha kwa muda mrefu hurudisha ndani yake ile gesi iliyopotea tanurini, ikaichukua katika hewa, ikawa jiwe tena. Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambayo magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zimeshikamanishwa kwa mmenyuko huo. Mtoto wa Kilwa, Bagamoyo au Unguja aliyekariri kwamba kabonati huvunjika kwa joto, bila kujua kwamba babu yake aliijenga nyumba kwa elimu hiyo, tumemnyima haki yake. Tena tumemnyima kitu ambacho hakingemgharimu mwalimu hata senti moja zaidi ya kutembea naye hadi kwenye ukuta.

Neno chumvi nalo linahitaji mwalimu mwangalifu. Kwa Mswahili, chumvi ni ile ya mezani. Kwa mwanakemia, chumvi ni jina la ukoo mzima: kila kinachozaliwa asidi inapopoteza haidrojeni yake na metali au amonia ikashika nafasi hiyo. Mwanafunzi asiposaidiwa kuvuka tofauti hiyo hubaki akishangaa vipi mrututu, ulio sumu, uitwe chumvi. Njia nyepesi ya kumvusha ni kumpa mifano anayoijua. Uvinza, karibu na mto Ruchugi, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi katika vyungu tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na chumvi hiyo ikauzwa mbali. Katika chumvi ya kula ya leo huongezwa kiasi kidogo sana cha chumvi nyingine, iodeti ya potasiamu, ambayo wananchi huiita madini joto, ili kuzuia rovu. Mbolea ya SA, anayoitia mkulima katika mahindi, ni salfeti ya amonia, chumvi inayopatikana kwa kukutanisha amonia na asidi ya salfuriki, nayo ina naitrojeni asilimia 21.

Hapa kwenye mbolea tungependa kusimama kidogo, kwa kuwa gharama ya ujinga huonekana wazi. Vijidudu vya udongoni huigeuza amonia iliyomo katika SA, na katika kuigeuza huacha asidi. Shamba lililotiwa SA mwaka baada ya mwaka, bila chokaa, huzidi kuwa chachu, na mazao hupungua ingawa mbolea inaongezwa. Mkulima husema mbolea imeharibu ardhi; bwana shamba aliyekariri kemia hana jibu, na aliyeielewa atapima uchachu wa udongo kisha ashauri chokaa. Vivyo hivyo mawe ya fosfeti ya Minjingu, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1983. Fosfeti hiyo haiyeyuki upesi katika maji, ndiyo sababu viwanda hutumia asidi ya salfuriki kuigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka ambayo mmea waweza kuinywa. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilichoanza mwaka 1972 kilitengeneza asidi hiyo nchini humu, hadi kilipofungwa mwaka 1991. Ni wangapi kati ya waliosoma kemia Tanga miaka hiyo walioingizwa mlangoni mwake wakaona?

Lipo pia jambo la usalama, nalo si dogo. Katika karakana za mitaani vijana huchanganya maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki. Ipo kanuni iliyoandikwa katika kila kitabu cha kidato cha kwanza: asidi ndiyo imwagwe ndani ya maji, polepole, wala si maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalotoka huweza kuyarusha usoni mwa mtu. Wengi wa vijana hao waliifaulu kanuni hiyo katika jaribio la darasani. Vikundi vya akina mama vinavyotengeneza sabuni hununua kostiki soda dukani na kuikoroga bila glavu wala miwani, na wapo wanaoiacha katika chupa ya soda mahali mtoto anapoweza kuifikia. Majumbani, wasafishaji huchanganya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na asidi ya kusafishia choo wakidhani nguvu itazidi, kumbe wametengeneza klorini, gesi inayounguza mapafu. Kostiki soda na klorini zote mbili huzaliwa pale umeme unapopitishwa katika maji ya chumvi ya kawaida. Mlinganyo wake upo katika daftari la kila mhitimu wa kidato cha nne, na mhitimu huyo huyo ndiye anayefungua chupa mbili katika choo kisicho na dirisha.

Sasa tuseme juu ya lugha, ingawa twajua kwamba wapo watakaokunja uso. Mtoto wa Kitanzania katika shule ya umma husoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha akifika sekondari huambiwa kila kitu kwa Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi mwalimu wake naye huisemea puani kwa shida. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hadi leo kemia ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza. Hatudai kwamba jambo hilo laweza kugeuzwa kwa tahariri moja. Lakini hoja inayorudiwa siku zote, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kemia, yafaa ipimwe upya. Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu, alipotaka kueleza elektrolisisi katika mwaka 1834, Kiingereza nacho hakikuwa na maneno. Alimwendea mtaalamu William Whewell, na kwa msaada wake yakachukuliwa maneno ya Kigiriki: anodi, njia ya kupanda, kathodi, njia ya kushuka, ioni, kiendacho. Waingereza hawakuona haya kukopa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwalimu anayesimamisha somo dakika tano ili aeleze kwa Kiswahili kiendacho ni nini na chaenda wapi, kisha akarudi kwenye Kiingereza cha mtihani, hajavunja sheria yoyote ya ualimu, na mkuu wa shule asimkaripie.

Tukumbuke tulikotoka. Tangu mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zimeenea nchini kote. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule hizo ziwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, na wananchi wakachangia fedha, mchanga, mawe na nguvu zao. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na yenye heshima. Lakini kuta si maabara. Tulipata kuingia katika shule moja, ambayo hatutaitaja, tukaonyeshwa jengo zuri la kemia lenye meza za vigae na mabomba yanayong'aa. Tulipofungua bomba halikutoa hata tone. Kabatini mlikuwa na chupa ambazo maandishi yake yamefutika, na mwalimu akatuambia kwa upole kwamba chumba hicho hutumika kuhifadhi viti vilivyovunjika, isipokuwa wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, wakati kemikali zinapoletwa. Mwanafunzi wa shule hiyo huishika bureti kwa mara ya kwanza siku zile zile anapotakiwa kuitumia kwa ajili ya cheti. Ni nani atakayestaajabu mkono wake ukitetemeka?

Walimu wana malalamiko yao, nayo ni ya haki. Darasa la wanafunzi themanini haliingii katika maabara ya meza ishirini. Mada ni nyingi na muda ni mchache. Fundi sanifu wa maabara hayupo, kwa hiyo mwalimu huyo huyo huandaa jaribio, hulifundisha, huosha vyombo na kusahihisha madaftari. Juu ya hayo, anayekuja kumkagua huuliza amefika mada ya ngapi, wala haulizi wanafunzi wamegusa nini. Tangu mwaka 2016 ada ya sekondari za umma hadi kidato cha nne imefutwa, jambo lililowafungulia mlango watoto wengi wa maskini, na kwa hiyo fedha za kemikali hutegemea ruzuku. Ruzuku ikichelewa, kitu cha kwanza kukatwa ni chupa ya asidi, kwa kuwa chupa haisemi.

Pamoja na hayo, hatuwezi kukubali kwamba hadi kila kitu kitimie mtoto aendelee kunakili. Darasa la themanini laweza kugawanywa makundi ya wanane wanane, kila kundi na glasi yake ya mrututu. Jaribio la manjano na ndimu halihitaji maabara. Lahitaji kivuli cha mwembe. Wapo walimu wanaofanya hivyo tayari, bila kusifiwa na mtu, na wengine wamechekwa na wenzao kwamba wanapika darasani. Hao ndio tungependa wathibiti ubora wa shule wawatafute, wakae nyuma ya madarasa yao, na waandike katika taarifa zao walichokiona, ili shule ya jirani ijue.

Kwa wakurugenzi wa halmashauri tuna ombi lililo wazi. Kabla muhula ujao haujafunguliwa, kila mkuu wa shule atakiwe kujibu maswali manne kwa maandishi: je, bomba la maabara linatoa maji, je, kemikali zilizopo zinatosha kwa mazoezi ya muhula mzima au ni za mtihani tu, je, yupo mtu aliyepewa jukumu la maabara, na je, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu amelifanya jaribio lolote kwa mkono wake tangu mwaka uanze. Majibu yasomwe na kamati ya elimu ya halmashauri, si na karani wa masjala. Na pale jibu la swali la kwanza litakapokuwa hapana, fundi bomba apelekwe kabla ya kupelekwa rangi ya kupaka jengo.